Nyimbo za askari wa KAR ziimbwe kwa kauli ya askari mwenyewe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako niwahimize wanamuziki wetu wa nyimbo za asili watutolee albamu ya nyimbo za vita zinazosimulia mambo kama alivyoyaona askari wa kawaida wa King's African Rifles (KAR), jeshi la kikoloni la Waingereza katika Afrika Mashariki, yule aliyebeba bunduki na mzigo, si kama yalivyoandikwa na maofisa waliomwamuru.

Wimbo wa jeshi hilo unaofahamika zaidi ni ule wa kufunga safari, ambamo askari huulizana amri ni ya nani, kisha hujibu wenyewe kuwa ni ya Bwana Kapteni. Ni wimbo mzuri wa kutembelea na sitaki uachwe, lakini ukibaki peke yake msikilizaji atadhani kwamba watu wale hawakuwa na la kusema zaidi ya kutii. Walikuwa nalo. Mwaka 1944, katika Vita vya Pili vya Dunia, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na vikosi vya KAR, iliteremka Bonde la Kabaw, Burma, katikati ya mvua za monsuni, matope na malaria, ikiwafukuza Wajapani hadi Kalewa. Februari ya mwaka huohuo meli Khedive Ismail, iliyong'oa nanga Mombasa kuelekea Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldivi, wakafa watu zaidi ya 1,200, wakiwemo mamia ya askari wa mizinga kutoka Afrika Mashariki. Wimbo mmoja tu wa kuwaomboleza hao ungenitosha kuinunua albamu nzima.

Malalamiko nayo yasichujwe. Askari alilipwa mshahara uliopangwa kwa rangi ya ngozi, na aliporudi Kenya akakuta mashamba ya kuwatuza wapiganaji yakigawiwa Wazungu. Wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918, waliokufa kwa makumi ya maelfu, hasa kwa maradhi, wapewe beti zao pia.

Kuhusu mahadhi, pa kuanzia ni ngoma ya beni, ambayo askari na wapagazi waliieneza baada ya vita hivyo, wakiyageuza magwaride na vyeo vya wakubwa wao kuwa mchezo wao wenyewe wa kushindana. Kiongozi aanze, wenzake waitikie, na hatua za miguu zisikike. Vinanda vya studio visifunike maneno, kwa kuwa maneno ndiyo ushahidi wenyewe. Aidha, jalada lieleze wazi ni wimbo upi wa zamani na upi umetungwa leo, maana kumwekea marehemu maneno kinywani ni kumdhulumu mara ya pili.

Wapo watoto na wajukuu waliosikia nyimbo hizo nyumbani kutoka kwa wazee wao. Hao ndio warekodiwe kwanza, kabla mtunzi yeyote hajaingia studio.

Wako,
Mpenzi wa nyimbo za asili