Fahali Wawili wa Zizi Moja: Barua kwa Mwanangu

Mwembe Tayari, Mombasa

Mwanangu mpenzi,

Baada ya salamu, na mamako naye anakusalimu sana, nimeisoma insha yako hapa kibandani huku mbele yangu pana mota ya pampu iliyoungua, nyaya zake za shaba zimekuwa nyeusi na vanishi inanuka moshi. Harufu hiyo ndiyo ukinzani ninaoujua mimi, yaani waya kuupinga umeme hadi upate moto, kwa hivyo sishangai kuona umevutiwa na supakondakta, ambamo umeme hupita bila ukinzani wowote, kama mwanafizikia Mholanzi Kamerlingh Onnes alivyogundua kwenye zebaki iliyopoozwa hadi takriban kelvini 4, yaani kama nyuzi 269 za Selsiasi chini ya sifuri, mwaka 1911.

Ila sentensi yako kwamba sumaku na supakondakta ni fahali wawili wasiokaa zizi moja, hiyo siikubali. Kwa supakondakta za kawaida ni kweli, kwa kuwa elektroni husafiri jozi jozi, spini (usumaku mdogo wa kila elektroni) ya moja ikielekea juu na ya mwenziwe chini, na usumaku unapozilazimisha zote zielekee upande mmoja, jozi huvunjika.

Sasa itazame UGe2, mchanganyiko wa urani na gerimani. Mwaka 2000 ilitangazwa kwamba ikibanwa kwa shinikizo la zaidi ya mara 10,000 ya lile la hewa yetu, na kupoozwa chini ya kelvini 1, huwa supakondakta ilhali bado ni sumaku. Lililonifanya niiweke bisibisi chini ni hili: shinikizo likizidi hadi usumaku ufe, usupakondakta nao hufa. Fahali mmoja akiondoka, mwenziwe habaki! Tena si kwamba kila mmoja ana kona yake, kwani elektroni zilezile za urani ndizo zinazobeba mambo yote mawili. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba humo spini za jozi huelekea upande mmoja, na kwamba huenda mitikisiko ya usumaku wenyewe ndiyo inayoziunganisha. URhGe, mchanganyiko wa urani, rodi na gerimani uliofuata mwaka 2001, haikuhitaji hata kubanwa ili iwe yote mawili.

Basi irekebishe sentensi hiyo kabla hujaikabidhi insha, na useme wazi ni supakondakta za aina gani unazozungumzia. Mwenye pampu amevuka kutoka Likoni na amesimama mlangoni, naye hataki kusikia habari za urani.

Babako