Mwambie Baba asimuuze yule ng'ombe

Blacktown, Sydney
Jumapili usiku

Mdogo wangu,

Nakusalimu wewe, Baba na Mama, na Kukhu, bibi yetu, kuliko nyote. Mwambie lile blanketi alilolisukumia kwenye begi langu nikamcheka ndilo ninalojifunika sasa hivi, maana Juni ya huku haina utani. Nimetoka zamu, miguu imevimba, chai iko mezani. Ningeweza kukutumia sauti tu, lakini haya nataka Baba ayasome mwenyewe na miwani yake, polepole, kabla ya siku ya mnada.

Sauti zako tatu nimezisikiliza. Ile ndefu nimeirudia mara mbili ndani ya basi. Kama nimekuelewa, kuna ajenti anayesema huku wanatafuta vijana warefu wa raga wabadilishe mchezo, wacheze huu mpira wa Kiaustralia. Kwamba atakuleta ufanyiwe majaribio. Na kwamba anataka shilingi laki moja na themanini za "kufungua faili". Na Baba ameshaanza kumtazama yule Friesian kwa jicho la mnunuzi.

Asimuuze. Stima ikipotea hapo ulipo usimalize kusoma, hilo peke yake linatosha.

Sasa nikueleze, kwa sababu nakujua: ukiambiwa hapana bila sababu unanuna wiki nzima.

Mchezo huo naujua kwa mwili wangu. Sikuwaambia kwa sababu Mama angeanza kufunga na kuomba, lakini tangu mwaka jana nachezea timu ya wanawake ya mtaani. Hatulipwi chochote, tena ada ya msimu tunatoa mfukoni. Niliingia kwa kiburi. Nimecheza raga chuoni miaka minne, mpira wenyewe ni ule ule wa yai, watanifundisha nini hawa? Siku ya kwanza nikapokea mpira, mwekundu, mdogo kidogo kuliko wetu, nikakimbia hatua nne, nikamwona mwenzangu kushoto, nikamrushia pasi safi ya kuzungusha, ile uliyokuwa ukinifundisha nyuma ya zizi. Filimbi ikalia. Halafu kicheko cha watu ishirini.

Huku mpira haurushwi. Unaulaza kwenye kiganja kimoja, unaupiga ngumi kwa mkono wa pili, au unaupiga teke. Basi. Mikono yangu iliendelea kurusha kwa miezi miwili, kama punda aliyezoea njia ya mtoni hata baada ya kisima kuchimbwa nyumbani. Na ukikimbia nao, kila mita 15 lazima uudundishe chini au uuguse ardhini. Hebu fikiria kudundisha yai! Ukiuangusha vibaya kidogo unatorokea kushoto, na wewe umeshapita. Kuna ncha ya kuutupa na kuna pembe yake, na lazima ufanye hivyo ukiwa mbioni na mtu anakuhema kisogoni.

Huyo wa kisogoni ndiye aliyenishinda kabisa. Kwenye raga, mdogo wangu, adui yuko mbele yako. Wenzako wako nyuma. Mstari unaujua hata ukifumba macho. Huku hakuna ofsaidi. Wachezaji ni 18 kila upande, wametapakaa kwenye uwanja wa duaradufu ambao unaweza kufika urefu wa mita 185, na kila mmoja anaruhusiwa kusimama popote. Mechi yangu ya tatu nilisimama nikiusubiri mpira wa juu, macho angani, mikono tayari, nikijua huu ni wangu, kazi ya namba 15 wa raga, mlinzi wa nyuma, ni hii hii. Nikasikia goti mgongoni. Dada mmoja alinipanda kama ngazi, akaudaka juu ya kichwa changu, nami nikabaki kifudifudi nikila nyasi. Nikamgeukia refa kudai haki yangu. Refa anapiga makofi! Inaruhusiwa, bora tu macho yako yawe kwenye mpira. Tena ndicho kitu wanachokipenda kuliko vyote. Akishaudaka kutoka kwa teke lililosafiri mita 15, mchezo unasimama kwa ajili yake, anapewa nafasi ya kupiga bila kuguswa. Milingoti ni minne: ukipitisha kati ya miwili ya katikati kwa teke ni pointi 6, ukipitisha pembeni unapewa 1, kama ya kukufuta machozi.

Kwa hiyo umbo la mpira linadanganya. Wewe unaona yai unadhani ni ndugu wa raga. Ndugu yake wa karibu zaidi ni mpira wa Kiayalandi, wa Kigaeliki, ambao hata ni wa duara, ila watoto wao wanaupiga kutoka mkononi na kukimbia nao wakiudundisha tangu wakiwa wadogo. Ndiyo maana Waayalandi walikuja huku wakaweza. Jim Stynes alitoka Dublin, na mwaka 1991 akachukua medali ya Brownlow, ile ya mchezaji bora wa ligi nzima.

Sasa hao wa raga ambao ajenti wako anawataja. Ni kweli walikuwapo, na ni kweli walilipwa. Lakini kuna sehemu ya hadithi ambayo hakukuambia.

Nchi hii imegawanyika kwa mpira. Mwaka 1978 mwanahistoria mmoja, Ian Turner, aliuita mgawanyiko huo Mstari wa Barassi, kwa jina la nyota wa Melbourne. Upande wa kusini na magharibi, Melbourne, Adelaide, Perth, ni mpira wa Kiaustralia. Upande huu wetu, Sydney na Brisbane, ni raga, hasa ile ya ligi yenye wachezaji 13. Mzee mmoja ninayemhudumia kazini, mtu wa Melbourne aliyeletwa huku na watoto wake, hataki hata runinga ioneshe raga akiwa anakula. Anasema inamharibia supu.

Wakubwa wa mpira wa Kiaustralia walitaka kuvuka mstari huo. Wakaanzisha timu mbili ndani ya nchi ya raga: Gold Coast Suns iliyoingia ligi kuu mwaka 2011, na Giants wa huku kwetu Sydney magharibi mwaka 2012. Timu mpya, mji usioujua mchezo, nani atakuja uwanjani? Wakaenda kununua watu ambao kila mtoto wa mtaani alikuwa na sura zao ukutani. Suns wakamchukua Karmichael Hunt, aliyebeba ubingwa wa raga ya ligi na Brisbane Broncos mwaka 2006. Giants wakamchukua Israel Folau, ambaye aliiwakilisha Australia akiwa na miaka 18 tu. Mkataba wa Folau ulitajwa magazetini kuwa dola milioni 6 kwa miaka minne. Hesabu hizo mfanyie Baba, ila mfanyie akiwa ameketi.

Walikuwa wananunua jina, mdogo wangu. Miguu ilikuja kama nyongeza.

Hunt, ukiniuliza, ndiye ninayemheshimu. Mechi ya kwanza kabisa ya Suns, Aprili 2011, walifungwa na timu ya Carlton ya Melbourne kwa tofauti ya pointi 119. Mtu aliyezoea kuwa bingwa anapokea kipigo hicho mbele ya mji wake, na wiki inayofuata anarudi mazoezini kujifunza teke. Alivumilia. Julai 2012, kule Cairns, dhidi ya Richmond, aliudaka mpira dakika ya mwisho, king'ora kikalia, mechi imekwisha isipokuwa teke lake. Akapiga. Katikati ya milingoti. Wakashinda kwa pointi 2. Nimeitazama video hiyo mara nyingi mno. Anavyoushika mpira kabla ya kupiga utajua ni mtu aliyejifunza ukubwani, kila kitu anakifanya kwa uangalifu, kama mtu anayeandika kwa mkono asiouzoea. Alicheza mechi 44, akaondoka baada ya msimu wa 2014, akarudi kwenye raga.

Folau alicheza 13. Mabao mawili. Ana urefu wa mita 1.93, anaruka, anadaka. Hayo yote alikuja nayo. Lakini kuruka ni jambo la mwisho. Kabla ya kuruka lazima ujue mpira utaanguka wapi sekunde sita zijazo, na ujuzi huo watoto wa Melbourne wanaupata wakiwa na miaka mitano, nyuma ya nyumba, na baba zao. Giants wenyewe msimu ule walishinda mechi mbili tu, kwa hiyo hata wa kumfundisha huku mambo yakienda vizuri hawakuwapo. Mwisho wa mwaka akaaga. Juni 2013 akavaa jezi ya taifa ya raga ya wachezaji 15, mechi yake ya kwanza, dhidi ya Lions wa Uingereza na Ayalandi, akafunga trai mbili. Samaki aliporudishwa majini.

Kwa upande wetu wanawake yuko Chloe Dalton. Huyu alikuwa kwenye kikosi cha Australia kilichochukua dhahabu ya raga ya wachezaji saba kwenye Olimpiki kule Rio mwaka 2016, mashindano yale yale ambayo wasichana wetu wa Kenya walicheza, tukaamka usiku kuwatazama kwa jirani, unakumbuka? Mwaka 2019 alikuwa anachezea Carlton kwenye ligi ya wanawake, ligi ambayo ilianza 2017 tu. Huyo alifaulu, na nafikiri ni kwa sababu alikuta mlango bado mpana. Wengi walikuwa wageni wa ligi pamoja naye. Kwa wanaume mlango ule umeshajaa.

Najua utasema: lakini kuna Waafrika. Wapo, na nitakutajia mmoja ambaye Baba atampenda. Aliir Aliir alizaliwa kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma mwaka 1994. Kakuma hiyo hiyo! Miaka ile Baba alikuwa akipeleka mahindi kwa lori kutoka Kitale, akirudi na vumbi hadi kwenye nyusi. Huenda alipishana na mama yake njiani. Kijana alisajiliwa na Sydney Swans mwaka 2013, baadaye akahamia Port Adelaide, na mwaka 2021 akatajwa kwenye kikosi bora cha msimu. Lakini alikuja huku mtoto, akaujua mchezo huku. Hakuna ajenti aliyemfungulia faili.

Na mlango wa watu wa michezo mingine upo kweli, sikufichi. Mason Cox alikuwa mcheza vikapu wa Texas, mita 2.11, hajawahi kuugusa mpira huu. Wakamwona kwenye majaribio Marekani, Collingwood wakamsajili mwaka 2014, na mwaka 2023 akabeba ubingwa. Lakini timu ndizo zilizomtafuta yeye. Anayetafutwa haombwi nauli.

Sasa sikia hili. Ijumaa nilimpigia ajenti wako. Usikasirike. Nilijifanya mama wa kijana mwingine, Mungu anisamehe. Mtu ana sauti nzuri, mpole, ananiita "mum". Nikamwacha aseme yote, viza, hosteli, kila kitu. Mwisho nikamuuliza, mwanangu atataka kujua, kwani uwanjani mnacheza watu wangapi? Akasema, "Kumi na watano, mum, kama kawaida."

Rudi juu uhesabu.

Kuhusu raga yako: kocha wa Kakamega alikwambia urudi Agosti ukiwa na kilo tano zaidi. Huyo ni mtu aliyekuona kwa macho yake na hakukuomba hata sabuni. Nimekutumia elfu kumi na mbili kwa M-Pesa. Elfu tatu ni za dawa ya macho ya Kukhu, usizichanganye. Zilizobaki ni mayai, maharagwe na viatu, maana vile vya zamani nimeona kwenye picha vidole vinachungulia.

Desemba kuna jirani yetu wa Bungoma anarudi likizo, nitampa mpira mmoja wa huku akuletee, mwekundu, nilioupata kwa bei ya mitumba. Ukijaribu kuudundisha, elekeza ncha ya mbele chini kidogo, uuangushe mbele ya mguu. Usianzie karibu na dirisha la Mama.

Na nitumie picha ya huyo ng'ombe. Nataka kumwona akiwa zizini, na Baba kando yake.

Dada yako