Herufi Moja Tu, Baba

Columbus, Ohio

Kwa Baba,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Mimi mzima, baridi tu ndiyo inayonitafuna. Mama aliniambia Jumapili kwamba mguu unaendelea vyema, na kwamba umekataa tena kusikiliza sauti ninazotuma kwa WhatsApp, unataka karatasi. Basi karatasi hii hapa. Mdogo wangu aichapishe pale saiba, asikusomee kwa simu.

Nina habari ya kazi. Nimetolewa kwenye kurudisha vitabu rafuni, nimepelekwa kitengo cha katalogi, yaani orodha ya vitabu vyote vya maktaba. Usishangilie bado. Kabla ya kukalia kiti kile lazima upitie mafunzo, na mafunzo yenyewe hayana mwalimu. Unapewa orodha ya mambo ya kujaribu kwenye intaneti, mawili matatu kila wiki, ukikwama unauliza jirani. Mtindo huu ulianzia maktaba ya umma ya Charlotte, North Carolina, mwaka 2006. Helene Blowers aliwatungia wafanyakazi wenzake mambo 23, na aliyeyamaliza akapewa kichezeo cha muziki cha MP3. Sisi tumeahidiwa keki.

Wiki ya pili nilifuta ratiba ya zamu ya tawi zima. Ni jedwali moja ambalo wote tunaliandikia, kila mtu kwenye kompyuta yake, nami nilidhani nimefungua nakala yangu. Nikaona limejaa majina yasiyonihusu, nikayachagua yote, nikafuta. Dakika haikupita nikasikia mtu chumba cha pili akiuliza, "Jumamosi yangu imeenda wapi?" Baba, nilitoka jasho na nje theluji inaanguka. Akaja kijana wa rika la kitindamimba wako, hakusema neno, akafungua historia ya jedwali, akalirudisha lilivyokuwa dakika tano nyuma. Majina yote yakarejea kama hayakuwahi kutoka.

Nilitaka kulia. Badala yake nikamwomba anionyeshe tena, kisha nikafuta makusudi (nakala yangu safari hii, usiogope) na kuirudisha mwenyewe. Nikafuta, nikarudisha, mara nne. Tangu hapo mkono umepunguza kutetemeka. Nadhani hofu ile niliitoa kwako: enzi zako maktabani, ukikosea herufi kwenye taipureta, kadi nzima ya kitabu ilitupwa, na kadi zilikuwa za kuhesabiwa.

Sasa nije kwa linalokuhusu. Huku droo za kadi za katalogi hazipo tena. OCLC, shirika lililoanzishwa na vyuo vya hapa hapa Ohio mwaka 1967, lilikuwa likichapa kadi na kuzipelekea maktaba. Za mwisho zilitoka mashineni Oktoba 2015. Nilipoambiwa hivyo nikakiona kidole chako kikitembea juu ya kadi huku macho yako yako kwa mwanafunzi anayekuuliza. Siku hizi kitabu kikifika hatupigi kadi ya mwandishi, ya jina la kitabu na ya mada. Tunaangalia kwenye katalogi ya pamoja kama maktaba nyingine imekwisha kukiandika, tunachukua rekodi yake, tunatia namba yetu, basi. Ni dakika chache. Ila kosa la mmoja nalo linasafiri na rekodi.

Zoezi la mwezi huu lilikuwa kuchuja katalogi yetu kwa lugha. Wenzangu wakachagua Kihispania, mimi nikachagua Kiswahili. Vikaja vitabu kumi na kimoja. Nikakumbuka kwamba nilipokuwa narudisha vitabu rafuni nilikuwa nakipita kimoja chembamba cha mashairi, kimepigwa chapa Nairobi, jalada limefifia. Hakikuwemo. Nikakitafuta kwa jina, kikatokea, na chini yake imeandikwa: Kiswidi.

Rekodi hutaja lugha kwa herufi tatu. Kiswahili ni swa, Kiswidi ni swe. Mtu mahali fulani alitaka a akagonga e, na maktaba zilizofuata zikachukua hivyo hivyo. Lakini namba ya mgongoni ilikuwa sahihi, 896.392, ya fasihi ya Kiswahili, na namba hiyo, Baba, sikufundishwa Marekani. Niliisoma nikiwa na sufuria ya maharagwe mkononi, nimetoka nayo kwa mguu Kaloleni, nikikusubiri umalize kupanga rafu ndipo ule. Msimamizi akaniuliza nimejuaje. Nikamwambia baba yangu alikuwa maktabani. Hakuelewa, nami sikuendelea.

Nikabadilisha ile e. Sasa ukichuja vinakuja kumi na viwili.

Mwambie mdogo wangu ile programu aliyoniuliza kwa ajili ya vitabu vya madrasa inaitwa Koha. Ilitengenezwa New Zealand, haina ada ya leseni, na jina lake ni neno la Wamaori la zawadi. Lakini kwa maoni yangu vitabu mia mbili havihitaji kompyuta ya kuwashwa mchana kutwa na umeme wenyewe tunaujua. Daftari lako la mistari linatosha kwa sasa, mradi aandike kila safu kwa utaratibu ule ule, ili siku ya kuhamisha asianze upya.

Nina swali. Nimeletewa tenzi za mtu ambaye jalada linamtaja kwa jina lake, bin, kisha jina la babake. Kompyuta inaning'ang'ania nimpe jina la ukoo, na kijana wa ratiba anasema nianze na la mwisho. Mimi naona tutakuwa tumemwandika babake. Wewe kwenye droo uliwaweka wapi akina bin? Mwambie Mama anirekodie jibu lako kabla ya Ijumaa, kwa sababu kitabu bado kiko mezani kwangu.

Nimetuma kitu kidogo kwa M-Pesa, cha dawa ya Mama. Kikibaki, kuku wa soko la Kibuye.

Wasalaam,
Binti yako