Barua kwa mwanangu Kadzo, anayesomea vyura

Malindi

Mwanangu Kadzo,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sote tu wazima, na mama yako anakusalimu sana. Masika yameshika na njia za Gede zimejaa madimbwi.

Barua yako tumeisoma, mimi na mama yako. Unasema umeshauriwa uachane na mambo ya vinasaba, yaani DNA, ubaki na kuhesabu vyura tu, kwa kuwa maabara ni ghali na majibu yake hayaonekani kwa macho. Nakujibu kama mtu aliyewatembeza wageni na watafiti ndani ya msitu wetu wa Arabuko-Sokoke tangu hujazaliwa: usiache.

Mimi vyura nawajua kwa masikio. Mvua za kwanza zikinyesha, nikisimama kando ya dimbwi usiku, nitakwambia nani analia kwenye majani na nani yuko juu mtini. Namjua chura wa povu, yule anayetundika kiota chake cheupe kwenye tawi lililoinamia maji, ili viluwiluwi wakiwa tayari wadondokee dimbwini. Na namjua yule mdogo ambaye watu hutoka mbali kuja kumtafuta, Mertensophryne micranotis kwa jina la wasomi. Hazidi sentimita 2 na nusu. Hataki bwawa wala mto. Hutaga kwenye maji kidogo yaliyotuama shimoni mwa mti, ndani ya gamba la konokono, hata kwenye kifuu cha nazi. Viluwiluwi wake wana taji, duara la nyama linalozunguka macho na pua. Kila nikimwonyesha mgeni chura huyu, nadhani furaha yangu inaizidi yake.

Lakini masikio yana mwisho wake. Nikisikia kelele tele nitasema wapo wengi, basi. Sina njia ya kujua kama wote wale ni wajukuu wa vyura wachache. Shamba la mihogo iliyotoka kwenye shina moja hupendeza macho, kijani tupu, mpaka siku batobato, ule ugonjwa wa mihogo, inapoingia: ikiuweza mche mmoja, imeiweza yote. Ulinieleza mwenyewe ulipokuja likizo kwamba kila chura hupokea nakala moja ya kila jeni, kipande cha vinasaba, kwa mama na moja kwa baba, na kwamba wakiwa wachache, nakala nyingine hupotea kwa bahati tu, bila ubaya wowote wa nakala hizo. Zikipotea hazirudi, isipokuwa aje mgeni kutoka kundi jingine. Nimelifikiria jambo hilo sana tangu siku ile.

Ndiyo maana nataka uziangalie kaya zetu, misitu mitakatifu ya Wamijikenda. Sokoke ina kama kilomita za mraba 420, bado ni msitu mkubwa. Kaya ni vipande. UNESCO iliziingiza kadhaa katika urithi wa dunia mwaka 2008, Kaya Fungo na Kaya Kauma zikiwemo, na wazee walizilinda kabla ya hapo kwa karne nyingi. Ila kati ya kaya na kaya siku hizi kuna mahindi, mikorosho, machimbo na barabara. Chura ana ngozi laini ambayo ndiyo anayonywea maji na kupumulia pia. Jua la mchana shambani si mahali pake. Je, anavuka? Mimi siwezi kumfuata usiku kucha nione. Wewe ukilinganisha vinasaba vya vyura wa kaya mbili utajua kama bado wanaoana au kila kundi limefungiwa peke yake. Na jibu hilo lina kazi mkononi: litamwambia mwenye shamba ni bonde lipi lisilimwe, kijito kipi kiachiwe miti yake. Hiyo hesabu ya kelele haiwezi kutupa.

Tazama ya jirani zetu Tanzania. Chura wa Kihansi, anayezaa watoto hai badala ya kutaga, aliishi kwenye manyunyu ya maporomoko katika milima ya Udzungwa na si mahali pengine popote. Mwaka 2000 maji yalipoelekezwa kwenye mitambo ya umeme, manyunyu yalikatika. Vyura 499 walipelekwa Marekani, bustani ya wanyama ya Bronx. Waliobaki korongoni walianguka ghafla mwaka 2003, na ile kuvu ya kitridi, inayoshambulia ngozi za vyura, ilikutwa humo. Mwaka 2009 wakatangazwa wametoweka porini, na 2012 wakaanza kurudishwa. Nafurahi kila nikiikumbuka habari hiyo. Lakini fikiria: wengi wa wale 499 walikufa mapema ugenini, kwa hiyo ukoo wote wa leo umetoka kwa wachache zaidi. Nani azae na nani si swali dogo kwao.

Na kuvu yenyewe, iliyopewa jina la kisayansi mwaka 1999, imeshapunguza spishi zisizopungua 501 duniani, na 90 kati yake zinadhaniwa zimekwisha kabisa. Hesabu hiyo ilitolewa 2019. Hupenda baridi ya milimani kuliko joto letu la pwani, lakini usilegee kwa hilo. Glavu mpya kwa kila chura, na mabuti yaoshwe kwa klorini kabla ya kuhama dimbwi. Nimewaona watu wazima wenye vyeo wakiliruka hili kwa uchovu.

Sampuli za nyama zitie kwenye spiriti, usikubali formalini, kwani huviharibu vinasaba. Ukiweza kuchuja maji ya dimbwi na kusoma vinasaba vilivyoachwa humo, fanya; ni njia ya kumjua chura hata asipoonekana.

Ukija, uwe na leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na kibali cha KWS, shirika la wanyamapori, mkononi. Wazee wa kaya nitawaendea mimi kwanza, ila kueleza utaeleza wewe, kwa Kigiriama: kwamba unapangusa ngozi kwa kijiti cha pamba na chura anarudi pale pale alipokuwa. Waambie pia majibu utawaletea wao kabla ya kuyapeleka popote. Watakachokuagiza kuhusu viatu na mavazi, kifuate.

Niandikie ni wiki gani utapata nafasi, niongee nao kabla mvua haijapungua.

Baba yako