Mama hataki kutoka Ngamiani, na nyumba yenyewe ndiyo inayomwangusha

Habari zenu jamani, wakubwa zangu shikamooni. Hili jambo linanizunguka kichwani karibu miezi miwili sasa, nikaona bora niliandike, maana najua kati yenu wapo mafundi, wapo manesi, na wapo waliolea wazazi mpaka mwisho.

Mama yangu ana miaka 76, anakaa Tanga, Ngamiani, kwenye nyumba aliyoachiwa na marehemu baba. Ni zile nyumba zetu za Kiswahili mnazijua, baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, halafu unatokea uani ndiko kuna jiko, choo na bafu. Vyumba sita, viwili kapangisha, kimoja analala mjukuu anayesoma sekondari. Magoti yanamsumbua, presha anayo, jicho moja kafanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho lingine bado. Ila akili timamu kunishinda mimi, kodi ya wapangaji anaijua mpaka shilingi ya mwisho, na ukimwambia twende Dar ukakae na sisi anakujibu "humu niliingia na shela, nitatoka na sanda", basi mazungumzo yameisha.

Sasa kisa chenyewe. Mwaka juzi kaka yetu mkubwa, ambaye kusema kweli ndo mwenye uwezo, alituma hela choo na bafu vitengenezwe kisasa. Zamani ilikuwa sakafu ya saruji tu, mbaya kwa macho lakini ina makwaruzo mguu unashika. Fundi akaweka marumaru nyeupe za kung'aa kuanzia chini mpaka ukutani, ukiingia unajiona sura. Tukapigiwa picha zikaja kwenye grupu la familia, kila mtu mashallah mashallah. Mwezi wa Shaabani mwaka huu, alfajiri, mama kaingia kuchukua udhu, kajimwagia maji miguuni kama anavyofanya maisha yake yote, kandambili zenyewe soli zimelika zimekuwa laini kama sahani, kageuka kurudisha kopo, chini. Akakaa pale mpaka mpangaji mmoja anayewahi kazini alipotoka ndo akamkuta. Alhamdulillah nyonga haikuvunjika, kifundo cha mkono ndo kilipata ufa wakamfunga piopii wiki sita. Nilivyofika kutoka Dar nikamkuta barazani mkono umening'inia shingoni, ananiuliza kama nimekula.

Nilikaa siku nne na usiku mmoja nikamfuata nyuma nyuma bila kumwambia nione anavyokwenda. Jamani. Kitanda chake ni samadari ya bibi, kirefu, akikaa miguu haigusi chini kwa hiyo anashuka kwa tumbo kama mtoto anavyoshuka kwenye kochi. Swichi ya taa iko mlangoni, anapapasa ukuta gizani mpaka aifikie. Anaruka kizingiti cha chumba, anakuja kizingiti cha mlango wa uani ambacho kimeinuliwa ili maji ya mvua yasiingie, anashuka ngazi, anapita chini ya kamba ya nguo katikati ya ndoo za wapangaji, halafu anapanda tena ngazi ya choo. Na hiyo safari alikuwa anaifanya mara nne kwa usiku, kumbe dawa yake moja ya presha ni ya kukojoza na yeye alikuwa anaimeza baada ya isha! Daktari kliniki kamhamishia asubuhi, sa hivi anaamka mara moja, mara mbili zikizidi. Hilo halijatugharimu hata mia na ndo limesaidia kuliko yote tuliyofanya.

Maana mengine tuliyofanya ni vichekesho. Nilimwita fundi afunge bomba la kushikilia pembeni ya choo, akalipima kwa bega lake yeye, mama akikaa anabidi anyooshe mkono juu kama anauliza swali darasani. Halafu ukuta wa nyumba zile ni miti na udongo umepigwa plasta juu, skrubu zinashika plasta tu, nilivyoning'inia kulijaribu likatoka na kipande cha ukuta. Afadhali nililijaribu mimi. Mbele nako nikasema tutoe ngazi za baraza tuweke mteremko, maana goti likimkaza anashindwa kwenda hata msikitini wala kwenye misiba ya jirani na hicho ndo kinamuuma kuliko magoti yenyewe. Ngazi ziko tatu, kama sentimita 54 zote pamoja, fundi akamwaga zege urefu wa mita moja na nusu. Ule ni mlima, watoto wa mtaa wanautelezea na tairi kutwa nzima. Baadaye ndo naambiwa kipimo ni kila sentimita moja ya kupanda upate 12 za urefu, nikipiga hesabu natakiwa mita sita na nusu, na kutoka barazani mpaka barabarani hata mita mbili hazifiki!

Na jikoni sijagusia. Anakuna nazi kwenye mbuzi, jiko la mkaa liko chini, kigoda chake hakizidi shubiri moja na nusu. Kukaa anakaa, kuinuka lazima aite mtu. Nikamnunulia jiko la gesi la mezani, kalifunika kitambaa kizuri kaliweka ukumbini wageni walione.

Sasa hapo ndo familia tumegawanyika. Kaka anasema ahamie kwake Dar, nyumba nzuri lakini chumba cha wageni kiko juu na kutwa hakuna mtu zaidi ya dada wa kazi. Dada yetu anasema tuvunje, chumba cha mpangaji kilichopakana na chake tukigeuze choo cha kukaa na bafu, mlango utokee chumbani kwake, kinyesi kikatoke kwa bomba mpaka kwenye shimo la uani. Kwa akili naona dada yuko sahihi. Ila chumba kile kinamwingizia mama elfu hamsini kwa mwezi, ndo hela pekee ambayo haombi kwa mtu, akitaka kutoa rambirambi anatoa, akitaka kumpa mjukuu nauli anampa. Tumemwambia tutakuwa tunamtumia sisi hiyo elfu hamsini, akanyamaza. Halafu choo ndani ya nyumba kwake ni uchafu, anauliza ataswalia wapi.

Kibaya zaidi, jioni moja tuko wawili tu akaniuliza taratibu, "mwanangu, nyumba mnataka kuiuza?" Kumbe kuna jirani kamwambia watoto wakianza kuvunja kuta ujue mnunuzi kashapatikana. Nilikosa cha kujibu. Tangu hapo kila fundi akija anamkalia mlangoni na bakora yake mpaka aondoke.

Mi mkononi nina milioni moja na laki nane, na kaka hatoi chochote mpaka mama akubali kuhama. Naomba mnisaidie haya.

Marumaru zile, kuna anayesema zipakwe dawa ya kukwaruza, mwingine niweke mikeka ya mpira, mwingine nizibomoe zote nirudishe saruji iliyopigwa ufagio. Mwenye mzazi anayemwaga maji mara tano kwa siku anatumia nini? (Mitalawanda yake ya zamani, vile viatu vya mbao vya kuingilia bafuni, nimeificha, anaitafuta, msimwambie.)

Bomba la kushikilia kwenye ukuta wa udongo mnalifungaje? Nimefikiria nguzo za chuma zisimikwe sakafuni kwa zege, pande mbili za choo, ila sijaona mtu aliyefanya.

Samadari seremala anataka kuikata miguu sentimita 20. Mama kasema akatwe seremala kwanza. Nikimjengea jukwaa la mbao pembeni ya kitanda si ndo nimemwongezea pa kujikwaa?

Na la mwisho ndo kubwa, nimwambieje. Nikikaa kimya nafanya vitu kwa mafungu ataona tunamzunguka, nikimshirikisha kila kitu anakataa. Mjomba wake mmoja wa Pangani yuko hai bado, ana miaka 80 na kitu na ana choo ndani, nafikiria nimlete akae wiki moja amsemeshe kikubwa, ila naogopa nao wakiungana itakuwaje.

Fundi nimemzuia mpaka mwisho wa mwezi. Taa za sola zinazojiwasha mtu akipita nimeshanunua mbili, hizo hakuzikataa, moja kaniomba niiweke kwenye banda la kuku.

Mtoto wa tatu, Dar es Salaam