Barua kwa Hawa: kitabu kisicho na jalada

Nkuhungu, Dodoma
8 Juni 2025

Mpendwa Hawa,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye upepo. Sisi hatujambo. Kipupwe kimeingia, asubuhi watu wanapita na makoti mpaka saa nne, na vumbi linaingia dukani hata mlango ukiwa umefungwa. Mama yupo hapa tangu wiki iliyopita. Alimaliza kuvuna uwele Mvumi akasema anakuja kupumzika, na mpaka leo ameshafua mapazia yote ya nyumba hii. Shule zimefungwa, kwa hiyo Baraka kutwa yuko nami kwenye mashine ya kopi. Mzee wako anaendeleaje na mguu? Mpe pole zangu, na watoto wote wasalimie.

Ningeweza kukutumia ujumbe wa sauti kama kawaida yetu, ila hili nimelitaka liwe kwenye karatasi, ulisome mara mbili kabla hujanijibu.

Ni habari ya kitabu. Mwezi uliopita nilipita Majengo kutafuta viatu vya Baraka, nikamkuta yule kijana anayetandika turubai na kuuza vitabu vya mtumba. Katikati ya vitabu vya uhasibu na Biblia za Kiingereza kulikuwa na kimoja kikubwa, kipana kama sinia, hakina jalada, na kurasa za mwanzo zimeng'oka. Mpaka leo sijui kinaitwaje wala nani alikiandika. Nilikifungua nikiwa nimesimama, na nadhani nilisimama muda mrefu, maana kijana aliniletea ndoo nikae. Nikakinunua kwa elfu nne. Viatu tulinunua wiki iliyofuata.

Ni hadithi ya safari. Watu wa mji fulani wamehama na mifugo yao, wanatafuta mto ambao babu zao waliusimulia, na njiani wanakutana na misitu inayotembea, ndege wa kupanda, na mji uliochimbwa ndani ya jabali. Maneno ni machache. Picha ndizo zimebeba mzigo, tena picha za rangi, zimechorwa na mtu ambaye hakuwa na haraka hata kidogo.

Nikuelezee moja tu. Imechukua kurasa mbili zote. Ni magharibi, mto umejaa, na msafara wa wanyama wakubwa kama nyumba unavuka. Si tembo, si ngamia. Wana shingo ndefu na ngozi kama gome la mbuyu, na migongoni wamefungwa matenga na taa. Kila kamba ina fundo lake. Pale mguu ulipozama maji yamefanya duara, na ndani ya duara ile taa imeakisi, imevunjikavunjika. Kuna mwanamke ameng'ata pindo la nguo yake lisilowe kwa sababu mikono yote miwili imeshika mtoto. Mama yangu alivuka mto Kizigo hivyo hivyo, alinionyesha jinsi walivyofanya.

Baraka, unajua yuko darasa la pili, Kiingereza bado hakimkai. Namtafsiria mstari mmoja mmoja. Lakini usiku wa pili tu akapiga kelele, "Mama, kuna mtoto kwenye tenga!" Kweli, tenga la nne, kati ya magunia, jicho moja na vidole vitatu. Tukarudi nyuma kurasa zote, na yule mtoto yupo kila mahali, kajificha. Maneno hayamtaji kabisa mpaka karibu na mwisho. Sasa Baraka anajiona ana siri na mchoraji, siri ambayo mwandishi hajaambiwa.

Lakini lililonifanya nikuandikie ni la mama.

Unamfahamu. Hajakaa darasani hata siku moja. Nikisoma kitu kwa sauti husikiliza kwa heshima tu, kama mtu anayesubiri zamu ya daktari. Juzi jioni alikuwa kwenye kigoda anabangua karanga, mimi na Baraka tumefungua kitabu juu ya stuli, tuko kwenye ule mto. Akajifuta mikono kwenye kanga, akainama, akaweka kidole juu ya mnyama wa mwisho kabisa.

"Huyu ana mimba," akasema.

Nikamwambia, mama, hapa hawakuandika hivyo.

"Sijali waliandika nini. Mwangalie anavyokanyaga. Ametanua miguu ya nyuma, tumbo limeshukia upande mmoja. Na mchungaji wake hayuko mbele kama wenzake, yuko ubavuni, mkono kauweka pale. Huyu hamalizi wiki."

Hawa, nilisoma ukurasa ule neno kwa neno. Hakuna. Nikafungua mbele, wa kwanza, wa pili, wa tatu. Hakuna. Ukurasa wa nne, watu wamepiga kambi, wanabishana njia ipi waifuate, na huko pembeni kabisa chini ya turubai kuna ndama. Bado kalowa, amesimama kwa miguu inayotetemeka, na yule mchungaji kalala usingizi kaegemea tumbo la mama mtu. Baraka aliruka. Mama alitikisa kichwa tu kidogo, kama mtu aliyerudishiwa chenji yake kamili, akaendelea na karanga.

Kwa mara ya kwanza maishani mwangu, mama alinisomea mimi kitabu.

Nimelifikiria sana hili dukani. Kwenye maneno mimi ndiye mwenye ufunguo pale nyumbani, wengine wote wananingoja niwafungulie. Kwenye picha ile hakuna aliyemngoja mwenzake. Mtoto aliona mtoto, mfugaji aliona mfugo, na mimi nilikuwa nimeona taa na maji, maana nilikuwa natazama jinsi rangi zilivyokaa. Watu watatu, miaka minane, arobaini na mbili, na sabini na kitu, na kila mmoja alitoka na kitu ambacho wengine wawili walikihitaji. Sasa kila jioni ni mama anayesema, "Leteni kile kitabu."

Ndiyo maana siwaelewi wanaosema vitabu vya picha ni vya chekechea. Tazama vitabu tunavyowapa watoto wetu. Darasa la kwanza kila ukurasa una sungura na fisi. Wakifika la tano zimebaki picha ndogo nyeusi, na sekondari ni ramani na moyo uliopasuliwa. Tunawaachisha picha kama tunavyowaachisha ziwa, halafu tunashangaa mtu mzima hashiki kitabu.

Unakumbuka tuliposoma Kusadikika? Shaaban Robert alikitoa mwaka 1951, na mpaka leo sijakutana na nchi ya ajabu kuliko ile inayoelea hewani, na wajumbe sita wanapelekwa pande zote, hadi mbinguni na ardhini. Nakala yetu haikuwa na picha za kutushibisha. Wewe ukaichora. Nyuma ya daftari la hisabati, ile nchi juu ya mawingu, mizizi ya miti yake inaning'inia chini, na watoto wanaikwea mizizi kutoka duniani. Darasa zima tulipokezana lile daftari. Mwalimu mmoja, simtaji, akalichana mbele yetu akasema umekuja shule kusoma, hukuja kucheza. Najua hujachora tena kwa moyo tangu siku ile. Ulisema umeacha kwa sababu ya ndoa na watoto, lakini mimi nilikuwa nimekaa dawati moja na wewe, niliona.

Mwaka jana tulikwenda msiba Kondoa, tukirudi shemeji akatupitisha Kolo, kwenye michoro ya miambani. Imeingizwa Urithi wa Dunia tangu 2006, na mimi mzaliwa wa mkoa huu nilikuwa sijawahi kukanyaga. Ukishapanda ule mlima hadi jabali lenyewe, unawakuta watu wembamba wa rangi ya ngeu, vichwa vyao vimechongoka ajabu, na swala na twiga wamepandana mwambani kama waliochorwa na mikono ya vizazi tofauti. Kuna picha moja ya watu kadhaa, wa katikati anavutwa mikono huku na huku. Mary Leakey, aliyekuja kuinakili michoro hiyo mwaka 1951, aliona ni mtu anatekwa nyara. Wengine husema ni ngoma. Sisi kumi na mmoja tuliosimama pale tulikuwa na hadithi kumi na moja, na mzee mmoja wa msafara wetu, aliyekuwa hajasema neno tangu makaburini, ndiye aliyeongea kuliko wote. Nilitamani uwepo.

Halafu nimesoma kidogo kuhusu mchoraji wa Marekani, James Gurney, aliyetoa Dinotopia mwaka 1992, kisiwa ambako watu na dinosaria wanaishi pamoja. Nilidhani mtu wa namna hiyo anafumba macho na kuota. Kumbe anafinyanga vinyago vidogo vya wale wanyama, anaviweka kwenye mwanga aone kivuli kinaangukia wapi, na anawavalisha watu nguo wasimame ili awachore. Kisichokuwepo anakichora kwa kukitazama kilichopo. Ndipo nikaelewa kwa nini mama aliiona ile mimba. Aliyechora alikuwa amekaa na ng'ombe.

Na wewe uko wapi? Lindi! Mifupa ya dinosaria wa Tendaguru ilichimbwa huko kwenu kati ya 1909 na 1913, wapagazi wakaibeba hadi bandarini, na leo mmoja wa wale wanyama amesimama kwenye makumbusho ya Berlin, urefu wake kwenda juu ni zaidi ya mita 13. Babu zetu walimbeba vipande vipande vichwani mwao bila kujua akisimama atafananaje. Ningependa kuona hiyo picha, Hawa. Mstari wa watu porini, kila mmoja ana mfupa kichwani, na juu yao, kwa rangi hafifu, mnyama mzima anatembea nao.

Sasa ombi langu. Juzi usiku ule, baada ya ndama, mama alisimulia Idodomya. Wewe unajua kwa kusikia kwamba jina la mji huu limetokana na tembo aliyekuja kunywa maji kijitoni akadidimia kwenye tope, na watu wakasema hapa amezama. Mama anayo na ile nyingine, ya watu walioiba ng'ombe wakawala wote, kisha wakachomeka mikia kwenye tope, na wenyewe walipofika wakaambiwa, poleni, mifugo yenu imedidimia. Baraka akauliza swali ambalo sijawahi kuliuliza miaka yangu yote: "Tembo alizama mpaka wapi?" Mama akanyamaza, akafikiri, akaanza kujibu. Aliongea mpaka umeme ukakatika, na tukaendelea gizani. Chini ya tope kuna mji. Kuna mibuyu inayoota kichwa chini, ndiyo maana ya huku juu tunaiona kama imegeuzwa. Ile mikia iliyochomekwa, chini kuna ng'ombe kweli, imeshika. Na tembo bado anatembea, akipiga chafya ndipo ardhi inapotikisika kidogo.

Nimeyaandika yote. Ninayo kwenye daftari, na mengine nimeyarekodi kwa sauti yake mwenyewe. Yanataka picha. Yanataka mkono ulioichora ile mizizi.

Nimeshapiga hesabu, maana hii ndiyo kazi yangu. Kurasa 32, ndivyo vitabu vya picha vingi vinavyokwenda, karatasi hukunjwa kwa kumi na sita. Kinachoumiza ni rangi. Ukichukua kioo cha kukuzia ukaitazama ile picha ya mto, unakuta hakuna mto, ni vitone tu, bluu, majenta, njano na nyeusi. Rangi nne hizo ndizo zinapitishwa, na kila moja ina gharama yake. Kwa hiyo tusianze na kiwandani. Tuanze na nakala moja, niprinti kwenye mashine yangu, niibaindi mwenyewe, jalada gumu. Tuisomee hapa uani na huko kwenu, tuone watu wananyoosha kidole wapi. Baada ya hapo ndipo tutafute mchapishaji, na sitakubali atoe hata picha moja ili kupunguza gharama.

Njoo mwezi wa saba kabla shule hazijakukaba. Basi mpaka Dar, ulale kwa dada, kesho yake panda treni ya SGR asubuhi, mchana nakupokea stesheni. Nimekuwekea rimu moja ya karatasi nzito na penseli za aina uliyokuwa unaipenda, nilizipata kwa taabu. Chumba cha uani nimekitoa mabati, dirisha lake linapata mwanga mzuri mpaka saa kumi na moja.

Mama anakusalimu kwa Kigogo, anasema mbukwenyi huko. Anauliza kama unajua kuchora ng'ombe mwenye mimba. Nimemwambia unajua.

Wako akupendaye,
Neema