YAH: MALALAMIKO KUHUSU VISU VYANGU VILIVYOPINDA NA KUVUNJWA KATIKA KARAKANA YENU

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Utaratibu wenu mnaujua, sitaueleza. Niliwakabidhi visu sita vya chuma cha 1095, chenye kaboni nyingi, ili mvikaze, yaani mvipashe moto na kuvichovya kwenye oili viwe vigumu, vikiwa vimeandaliwa inavyopasa: makali yameachwa na unene wa milimita 1.5, mikwaruzo ya msasa inafuata urefu wa kisu, na kona za mkiani, sehemu inayoingia kwenye mpini, zimeviringishwa kwa tupa ili ufa usipate pa kuanzia. Kwenye fomu yenu niliandika kwamba kabla ya kukazwa vipashwe moto wa nyuzi 650 za Selsiasi kwa saa moja, kisha vipoe taratibu ndani ya tanuri, kwa kuwa kusaga huacha mkazo ndani ya chuma, na kisu kitakachopinda katika hatua hiyo hunyooshwa kikiwa bado laini. Malipo ya hatua hiyo mliyapokea.

Hamkuifanya. Kadi ya tanuri haina hata mstari mmoja wa nyuzi 650. Visu vilipelekwa moja kwa moja kwenye nyuzi 800 za kukaza, vikachovywa kwenye oili, vikatoka vimepinda. Msimamizi wenu akachukua kimoja, akakiweka juu ya fuawe, akakigonga kwa nyundo ili kukinyoosha. Kikakatika kama kioo. Akanitazama, akasema, "Chuma chako kibovu, mzee."

Narudia, maana mhudumu wenu wa simu aliliita jambo hili "ajali ya kawaida": mtu mliyemwajiri kukaza chuma alikipiga nyundo kisu kilichotoka kwenye oili, ambacho hakijapashwa tena moto wa nyuzi 200 wa kukipunguzia wepesi wa kuvunjika, huku nimenyoosha mkono kumzuia na wateja wengine wakitazama. Pale kilipovunjikia, chembe za chuma zilikuwa ndogo ndogo, za kijivu, zimelingana. Chuma kibovu hakiwi hivyo! Na siku ya kuviacha nilimwuliza msimamizi huyo huyo kama ameiona ile 650; akajibu kwamba ameiona.

Naomba nirudishiwe fedha zote nilizolipa. Hilo pekee halitoshi: mnilipe pia chuma na kazi ya kusaga visu vyote sita, na msimamizi aniombe radhi kwa maandishi. Nisipopata jibu ndani ya siku 14, nitawasilisha malalamiko Tume ya Ushindani na kufungua shauri mahakamani, nikiwa na nakala ya fomu, picha ya kadi ya tanuri na vipande vyote viwili vya kisu.

Naomba kuwasilisha.

Mteja wenu,
Fundi visu